Jinsi ya kununua, kukagua na kutunza sarafu ya fedha ya jani la mepo

Maswali huwa ni yale yale. Mtu amenunua sarafu yake ya kwanza ya Maple Leaf, ile sarafu ya fedha ya Kanada yenye jani la mepo, au shangazi aliyeko Toronto amemletea moja, na anauliza: Ni ya kweli au feki? Mbona imeandikwa dola 5 na muuzaji anataka pesa nyingi kuliko hizo? Hili doa jeupe limetoka wapi, na niling'arishe kwa kitu gani? Nimeyaweka majibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kabla hujatoa hata senti hadi sarafu inapolala kwenye kisanduku chake. Swali la kung'arisha nalijibu sasa hivi, kwa sababu huenda tayari umeshika kitambaa: usisugue. Sababu utaziona mbele.

Kwanza ujue kidogo unachokishika. Mepo ya sukari ni mti wa misitu ya mashariki mwa Kanada na kaskazini-mashariki mwa Marekani. Majira ya baridi yanapoelekea mwisho hutobolewa shina, ukakingwa utomvu wake na kuchemshwa hadi uwe asali nzito. Inahitajika takriban lita 40 za utomvu kupata lita moja. Jani lake lilikaa kwenye senti ya Kanada tangu 1937, kwa mchoro wa George Kruger Gray, hadi senti hiyo ilipoacha kutengenezwa 2012. Likawekwa kwenye bendera ya taifa tarehe 15 Februari 1965. Royal Canadian Mint, kiwanda cha sarafu cha serikali, kilitoa sarafu ya dhahabu yenye jani hilo 1979, na ile ya fedha ikafuata 1988. Hiyo ya fedha ndiyo tunayoizungumzia: aunsi moja, usafi wa 9999 katika 10,000, thamani iliyoandikwa dola 5.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kama ile ya masonara. Ya jikoni haitoshi, maana inaruka gramu nzima.
- Kaliperi, au angalau rula yenye milimita zinazosomeka vizuri.
- Lenzi ya kukuzia mara 10 au zaidi. Wanayotumia masonara na mafundi saa inatosha.
- Sumaku yenye nguvu ya neodimiamu. Sumaku ya kubandika kwenye friji haifai.
- Glavu za pamba au za nitraili. Ukikosa, nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa.
- Kitambaa laini cha kutandika mezani, ili sarafu ikikuponyoka isigonge mbao au marumaru.
- Kapsuli ya plastiki ngumu ya milimita 38.
- Glasi ya maji, uzi mwembamba na maji yaliyokenekwa, kwa kipimo cha hatua ya 7 tu.

Huhitaji asidi, wala dawa ya kung'arisha. Kama umeshazinunua, ziweke mbali na meza hii.

Hatua ya 1: Jua ni aina ipi unayoinunua

Hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Kuna makundi mawili, na yote mawili yana jani la mepo.

La kwanza ni sarafu ya akiba. Inatengenezwa kwa wingi, inauzwa kwa thamani ya fedha iliyomo pamoja na nyongeza kidogo, na hufika kwa wauzaji ikiwa kwenye mirija ya sarafu 25. Mirija 20 hujaza sanduku moja la sarafu 500. Haina cheti wala kisanduku cha mahameli. Usidanganyike kwamba kukosa cheti ni dalili ya ufeki. Toleo hili halitoki kiwandani na cheti.

La pili ni sarafu ya wakusanyaji. Hii hupigwa kwa uangalifu zaidi, uwanja wake, yaani sehemu tupu inayozunguka picha, unang'aa kama kioo na picha ina weupe wa ukungu. Nyingine hupakwa rangi ili majani yaonekane mekundu ya vuli, nyingine huonyesha msitu mzima badala ya jani moja. Idadi yake huwa imewekewa kikomo, huja na cheti chenye namba, na thamani iliyoandikwa inaweza kuwa dola 10, 20 au zaidi. Bei yake inaweza kuwa mara mbili au tatu ya fedha iliyomo.

Mimi nazipenda hizi za pili kwa uzuri wake, na sioni ubaya mtu kuzinunua kwa sababu hiyo. Ila ununue ukijua kwamba siku ya kuuza, wanunuzi wengi wataipima kwenye mizani na kukupa bei ya fedha tu, isipokuwa toleo lenyewe linatafutwa. Kama lengo ni kuweka akiba, chukua ya kundi la kwanza.

*Angalia:* kuna kampuni binafsi zinazonunua sarafu ya akiba ya kawaida, zikaipaka dhahabu au rangi nyeusi, kisha zikaiuza kama toleo adimu. Fedha ndani ni halali lakini rangi haikutoka kiwandani. Mkusanyaji makini huihesabu kama sarafu iliyoharibiwa.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya bei kabla ya kumpigia muuzaji

Dola 5 zilizoandikwa zinaifanya iwe pesa halali ya Kanada kisheria. Hazisemi chochote juu ya bei yake. Bei inaanzia kwenye soko la dunia, ambako fedha inauzwa kwa aunsi. London hutangaza bei rasmi ya fedha kila siku ya kazi saa sita mchana, na tovuti nyingi huonyesha bei inavyosogea kwa dakika.

Hesabu ni hii:

bei ya aunsi sokoni + nyongeza ya muuzaji + usafirishaji + kodi = bei yako halisi

Tuseme, kwa mfano tu, aunsi iko dola 50 na muuzaji anataka 56. Nyongeza ni dola 6, yaani asilimia 12 ya bei ya soko. Fanya hesabu hiyohiyo kwa wauzaji watatu siku ileile, maana bei ya jana haifai kulinganishwa na ya leo. Kisha muulize kila mmoja swali ambalo wanunuzi wapya husahau: "Nikikurudishia kesho, utainunua kwa shilingi ngapi?" Tofauti kati ya bei anayokuuzia na hiyo atakayoinunulia ndiyo gharama yako ya kweli.

Kumbuka kwamba aunsi ya madini si aunsi ya jikoni. Ya madini ni gramu 31.1, ya jikoni ni gramu 28.35. Mtu akikuuzia "aunsi" yenye gramu 28, amekupunja karibu gramu 3 au anakuuzia kitu kingine kabisa.

Kodi zinabadilisha mambo sana kutegemea ulipo. Ndani ya Kanada, sarafu ya fedha yenye usafi wa asilimia 99.9 au zaidi haitozwi kodi ya mauzo ya serikali kuu. Uingereza, fedha hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Ukiagiza ikufikie Mombasa au Dar es Salaam, zungumza na wakala wa forodha kwanza na umwonyeshe ankara, kabla hujalipa. Sarafu ikikwama uwanja wa ndege, gharama ya kuihifadhi inaweza kumeza faida yote uliyoitarajia.

Hatua ya 3: Chagua muuzaji

Mtafute anayeuza sarafu kama kazi yake, mwenye duka au anwani inayojulikana, anayetoa risiti na anayekubali kurudishiwa mali ikigundulika ni feki. Omba picha za sarafu ileile utakayopewa, pande zote mbili na ukingo. Picha nzuri ya matangazo iliyochukuliwa kwenye tovuti ya kiwanda haikuambii kitu.

Bei iliyo chini ya bei ya soko ndiyo dalili ya hatari niionayo mara nyingi kuliko zote. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili anayeuza aunsi ya fedha kwa bei ndogo kuliko ile atakayopata leoleo kwa anayeyeyusha. Ukiona hivyo, usianze hata kujadiliana.

Hatua ya 4: Ikague kwa macho na lenzi

Ishike kwa ukingo, kati ya kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa. Usiguse uso wake. Jasho la kidole huacha alama ambayo baada ya miezi huwa ya kahawia na haitoki tena.

Anza na mwelekeo. Simamisha picha ya mfalme au malkia wima, kisha igeuze sarafu kutoka kushoto kwenda kulia, jinsi unavyofungua ukurasa wa kitabu. Jani linatakiwa lisimame wima pia. Likitokea kichwa chini, iweke kando. Sarafu za Kanada hazipigwi hivyo.

Sasa linganisha picha na mwaka. Watengenezaji wa feki hukosea hapa kwa sababu hutumia muhuri mmoja kwa miaka mingi:

- 1988 na 1989: Malkia Elizabeth II akiwa bado kijana, amevaa taji dogo.
- Miaka ya 1990: Malkia mwenye umri zaidi, amevaa taji la vito.
- Kuanzia 2005 hadi 2022: Malkia kichwa wazi, kwa mchoro wa Susanna Blunt.
- 2023: picha hiyohiyo, ikiwa na miaka ya utawala wake, 1952 na 2022.
- 2024 na kuendelea: Mfalme Charles III, kwa mchoro wa Steven Rosati.

Sarafu ya 2011 yenye uso wa Charles haihitaji mizani. Irudishe.

Baada ya hapo tazama uwanja. Toleo la kawaida tangu 2014 lina mistari myembamba sana inayotoka katikati kuelekea ukingoni, pande zote mbili. Ukiinamisha sarafu chini ya taa, mwanga unapaswa kuzunguka juu yake kwa utaratibu, bila kukatika. Kwenye feki mistari huwa minene, au hukatika, au hupotea karibu na herufi. Toleo la kawaida la kabla ya 2014 halina mistari hiyo. Kwa hiyo sarafu ya kawaida ya 2009 yenye mistari ni ya kutilia shaka, kama ilivyo ya 2017 isiyo nayo.

Upande wa jani, tafuta chini yake kialama kidogo cha jani la mepo. Hicho nacho kilianza 2014. Kwa jicho kinaonekana kama doa lenye umbo. Kwa lenzi utasoma ndani yake tarakimu mbili za mwisho za mwaka: 14, 15, 16 na kuendelea. Tarakimu lazima zilingane na mwaka uliochapwa upande wa pili. Kimechongwa kwa leza kwenye muhuri, na ndicho kinachowasumbua sana waigizaji. Chukua muda wako hapa. Kama tarakimu hazisomeki kwa lenzi ya mara 10, tafuta yenye nguvu zaidi kabla ya kutoa hukumu, maana wakati mwingine lenzi ndiyo dhaifu.

Soma na maandishi: CANADA juu, 9999 pande mbili za jani, na chini FINE SILVER 1 OZ ARGENT PUR, Kiingereza na Kifaransa pamoja. Herufi ziwe na kingo kali. Herufi zilizovimba na kuwa laini ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu badala ya kupigwa kwa muhuri.

*Angalia:* yapo matoleo halali yenye alama ya ziada, kama wanyama wa kalenda ya Kichina au ile ya meli Titanic ya 2012. Alama usiyoifahamu isikufanye uitupe sarafu. Tafuta kwanza kama toleo hilo lilikuwepo.

Hatua ya 5: Pima uzito na upana

Weka mizani mahali tambarare pasipo na upepo, zima feni, na uihakikishe kwanza kwa jiwe la kupimia lililokuja nayo. Sarafu inatakiwa kusoma gramu 31.1 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 31, haifai. Upana ni milimita 38, na ukingoni unene ni zaidi kidogo ya milimita 3. Ukingo una meno yaliyopangika sawasawa kuzunguka kote. Mstari wa muungano unaopita katikati ya ukingo ni dalili ya vipande viwili vilivyogundishwa.

Vipimo hivi vifanye pamoja, kwa sababu kimoja peke yake hudanganya. Shaba iliyopakwa fedha ni nyepesi kuliko fedha. Ili feki ya shaba ifikishe gramu 31.1 lazima iwe nene au pana kupita kiasi. Ikiwa na ukubwa sahihi, itapungua uzito. Ni vigumu sana kuficha yote mawili kwa mara moja.

Hatua ya 6: Jaribu kwa sumaku

Fedha haivutwi na sumaku. Kwa hiyo sarafu ikinasa, kazi imeisha. Lakini kutokunasa hakuthibitishi kitu, maana shaba na risasi pia hazinasi. Kipimo kinachosaidia ni cha mteremko: inamisha sumaku bapa ya neodimiamu kama nyuzi 45, weka kipande cha karatasi laini juu yake, kisha iachie sarafu iteleze. Fedha hupitisha umeme kuliko metali nyingine yoyote, na inapopita juu ya sumaku huzalisha ndani yake mkondo unaoizuia, kwa hiyo itashuka polepole. Feki ya risasi itaporomoka. Shaba nayo hushuka polepole, ndiyo maana tunaendelea na hatua inayofuata.

Usifanye hivi kwa sarafu ya wakusanyaji. Itachubuka.

Hatua ya 7: Kipimo cha maji

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote vinavyofanyika nyumbani, na hakigharimu chochote zaidi ya subira. Kinafaa sarafu ya akiba tu. Ya wakusanyaji iache ndani ya kapsuli yake.

a) Weka glasi yenye maji yaliyokenekwa juu ya mizani, kisha ubonyeze kitufe cha kurudisha sifuri.

b) Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uining'inize, na uizamishe yote majini bila kugusa chini wala pembeni mwa glasi. Shikilia uzi kwa mkono uliotulia au uufunge kwenye kijiti kilichoegemezwa juu ya vitu viwili vilivyo nje ya mizani.

c) Soma namba. Huo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu.

d) Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo.

Fedha safi ina uzito mara 10.49 ya maji ya ujazo uleule. Kwa hiyo sarafu ya gramu 31.1 itasoma takriban 2.97 ndani ya maji. Ukipata kati ya 2.93 na 3.00, uko salama. Shaba yenye uzito huohuo ingesoma karibu 3.47, risasi karibu 2.74. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba hata mizani ya bei nafuu itaiona.

Ukimaliza, itoe na uiweke juu ya kitambaa laini, uigandamize kwa wepesi ili maji yanyonywe. Usipanguse kwa kuzungusha. Iache wazi ikauke kabisa kabla ya kuifunga.

*Angalia:* usitumie maji ya betri ya gari ukidhani ni yaleyale. Kwenye maduka mengi chupa hizo zina asidi. Maji yaliyokenekwa tafuta duka la dawa au la vifaa vya maabara.

Hatua ya 8: Ukimpelekea sonara, mwambie usichotaka

Masonara wa pwani wanaijua fedha kwa mkono kuliko watu wengi. Kazi hiyo ina historia ndefu: reale za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria, zilizoletwa na wafanyabiashara Zanzibar na Oman karne ya 19 ziliyeyushwa kwa wingi zikawa vikuku na mitali. Lakini sonara hupima metali, naye amezoea kukwaruza kwenye jiwe na kudondosha asidi. Kwa kikuku si tatizo. Kwa sarafu, mkwaruzo mmoja unaishusha kutoka sarafu hadi kipande cha fedha cha kuyeyusha.

Mwambie waziwazi kabla hujaitoa mfukoni: "Fundi, naomba uipime kwa mizani au kwa mashine, usiikwaruze." Duka lenye mashine ya mionzi linaweza kusoma metali bila kuigusa. Ila mashine hiyo huona ngozi ya juu tu, na feki iliyopakwa fedha nene inaweza kuipita. Jibu la mashine liunganishe na uzito na kipimo cha maji.

Hatua ya 9: Ihifadhi

Adui wa fedha ni salfa iliyomo hewani. Huungana na uso wa fedha na kuufanya njano, kisha kahawia, kisha mweusi. Joto na unyevu huharakisha kazi hiyo, kwa hiyo anayeishi Lamu, Tanga au Mombasa anahitaji uangalifu kuliko aliyeko Ottawa kwenye hewa kavu ya ndani ya nyumba.

Iweke kwenye kapsuli ngumu ya milimita 38 na uifunge hadi ibane. Kapsuli iingie kwenye kisanduku cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Vibadilishe au vikaushe kila baada ya miezi michache. Kisanduku kikae kabatini chumbani, mbali na jikoni, moshi wa mkaa na jenereta.

Vitu ambavyo watu hutumia kwa nia njema na huharibu:

- Raba za kufungia noti. Zina salfa, na huacha mstari mweusi hata kupitia karatasi.
- Mifuko laini ya plastiki ya PVC, ile yenye harufu kama ya pazia jipya la bafuni. Baada ya muda hutoa utando wa kijani unaonata na unaokula metali.
- Bahasha za kaki, magazeti, sufu, na droo za mbao mbichi.

Zaidi ya hayo, sarafu iliyo ndani ya kapsuli haihitaji kutolewa ili ionyeshwe wageni. Waione kupitia plastiki.

Hatua ya 10: Andika kumbukumbu

Daftari dogo linatosha: mwaka wa sarafu, tarehe ya kununua, muuzaji, bei uliyolipa, bei ya soko siku ile, uzito uliousoma mwenyewe, na kipimo cha maji. Piga picha pande zote mbili. Risiti iweke pamoja na daftari, lakini si ndani ya kisanduku cha sarafu, kwa sababu karatasi ya risiti ina kemikali zake. Siku ya kuuza, au siku warithi wako watakapofungua kabati bila wewe kuwepo kueleza, daftari hilo litawalinda wasiuze kwa bei ya kutupa.

Ikitokea shida

*Kuna madoa meupe kama matone ya maziwa.* Hili ni tatizo linalojulikana la sarafu za fedha safi, na za Maple Leaf zilisumbuliwa nalo sana. Madoa hujitokeza miezi au miaka baada ya kutoka kiwandani. Tangu 2018 kiwanda kimekuwa kikitumia njia iitwayo MintShield kuyapunguza. Kwa sarafu ya akiba hayapunguzi thamani ya fedha iliyomo. Hayatoki kwa kuosha, yaache. Kama unanunua kwa ajili ya uzuri, chagua ya 2018 au baadaye.

*Imegeuka njano au nyeusi.* Ni salfa. Haijaharibika na haijapungua thamani ya metali. Wakusanyaji wengine hupenda rangi hiyo ikiwa imeenea kwa upole. Usiisugue kwa dawa ya meno, ndimu na majivu, magadi wala dawa ya shaba. Vyote hivyo hukwangua uso, na kwa lenzi mikwaruzo huonekana kama nywele zilizotawanyika. Mnunuzi mzoefu huiona mara moja na kushusha bei. Boresha uhifadhi ili isiendelee.

*Kuna utando wa kijani unaonata.* Huo ni wa plastiki ya PVC, na hapa pekee ndipo ninaposhauri kuosha, kwa sababu ukiachwa utaendelea kula. Tumia asetoni safi ya maabara. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha ina mafuta na manukato, usiitumie. Fanya kazi nje au karibu na dirisha, mbali na moto wa aina yoyote, kwenye chombo cha kioo. Zamisha sarafu dakika chache, igeuze kwa kibano cha plastiki ngumu isiyoyeyushwa na asetoni au kwa mbao laini, irudie kwa asetoni mpya, kisha iache ijikaushe yenyewe. Usifanye hivi kwa sarafu iliyopakwa rangi, maana rangi itaondoka.

*Uzito uko sawa lakini kipimo cha maji kimetoka vibaya.* Kabla ya kumlaumu muuzaji, tafuta viputo vya hewa vilivyonasa kwenye meno ya ukingo; vinaongeza namba na kuifanya sarafu ionekane nyepesi. Itikise taratibu ndani ya maji. Ikiwa namba ni kubwa ajabu, 10 au 20, sarafu imegusa chini ya glasi. Rudia mara tatu. Ukipata jibu baya mara zote tatu, ndipo uamini mizani.

*Iko ndani ya plastiki ngumu yenye lebo ya PCGS au NGC.* Hizo ni kampuni za Marekani zinazopanga ubora wa sarafu kwa kipimo cha 1 hadi 70. Usiivunje. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni husika na ulinganishe maelezo na picha kama ipo. Plastiki zenyewe huigizwa pia, na namba ya kweli inaweza kunakiliwa juu ya sarafu feki, kwa hiyo hatua ya 4 bado inakuhusu.

*Muuzaji anasema mwaka wake ni adimu.* Mara nyingi si kweli, kwa kuwa miaka mingi sarafu hizi hupigwa kwa mamilioni. Ya 1997 ndiyo inayotafutwa, kwa kuwa zilipigwa takriban laki moja tu. Ukiuziwa mwaka mwingine kwa bei ya uadimu, omba uthibitisho, na usipopewa, lipa bei ya hatua ya 2 au uondoke.

*Umeshaisafisha kabla ya kusoma haya.* Fedha iliyomo ni ileile na uzito ni uleule. Iweke upande wa akiba, andika kwenye daftari kwamba ilisafishwa, na ukija kuiuza mwambie mnunuzi.